Theluji Si Usufi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi wa Kenya, tuionayo theluji kwa mbali tu, juu ya kilele cha mlima, huidhani kuwa nyepesi kama usufi. Sikiliza basi, msomaji, habari za watu walioibeba juu ya mapaa yao.

Usiku wa tarehe 28 Januari 1922, mjini Washington, Marekani, watu walikuwa wameketi katika ukumbi wa sinema ulioitwa Knickerbocker, wakitazama mchezo wa kuchekesha. Theluji ilikuwa imeanguka tangu jioni ya jana yake, hata ikafika kimo cha sentimita 70 hivi. Ghafula paa likaporomoka, na watu 98 wakafa. Wachunguzi walipotazama, waliona kwamba mihimili ya chuma ilikuwa imeegemezwa ukutani kidogo mno. Theluji haikuileta kasoro ile, iliifichua tu.

Huenda ukauliza: je, mihimili ikishikwa barabara, hatari imekwisha? La, haijakwisha. Paa la Knickerbocker lilikuwa tambarare, lakini nyumba nyingi zina mapaa mawili, moja juu na jingine chini. Upepo huifagia theluji ya paa la juu na kuimwaga ng’ambo ya ukuta. Hapo chini upepo hupoteza nguvu, na theluji hujikusanya kuwa tuta.

Huko Kanada, katika miaka ya 1950, wataalamu walianza kupima theluji juu ya mapaa ya nyumba halisi, majira baada ya majira. Kanuni za ujenzi za 1960 zilihesabu mzigo wa paa kuwa asilimia 80 ya theluji iliyolala ardhini. Mwaka 1965 ziliongezwa hesabu maalumu kwa kila umbo la paa, pamoja na mapaa ya vimo mbalimbali.

Twaa kalamu, tuhesabu pamoja. Tuseme theluji ya kawaida ina unene wa nusu mita, na kila mita ya ujazo ina uzito wa kilo 200. Basi kila mita ya mraba inabeba kilo 100. Sasa ongeza tuta lenye kimo cha mita 1, lililoshindiliwa na upepo hata likafikia kilo 300 kwa mita ya ujazo. Ukutani, kila mita ya mraba inabeba kilo 400, yaani mara nne. Kutoka hapo tuta hushuka, likaisha umbali wa mita nne hivi. Paa la juu likiwa refu zaidi, tuta nalo hukua, ila halikui kwa kadiri ile ile.

Mtu aliyeigawa theluji yote sawasawa angepata jumla iliyo sahihi, lakini nyumba yake ingeweza kuanguka.

Hesabu hii ina funzo lingine. Jirani akijenga jumba refu kando ya nyumba fupi ya zamani, paa la nyumba ile, ambalo hakuna fundi aliyeligusa, limekwisha kutwikwa mzigo mpya. Kwa hiyo mjenzi mwema hahesabu paa lake peke yake. Huhesabu na la jirani, kwa maana chini yake wamelala watu.