Kishikio cha Nakshi Kiendeshwacho kwa Hewa

Zamani sonara aliyetaka kutia nakshi katika fedha au chuma aliisukuma tindo kwa kiganja, au aliigonga kwa nyundo ndogo. Lakini Don Glaser wa Emporia, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, alipotengeneza mtambo wa Gravermeister, kupiga kukawa kazi ya pistoni isukumwayo kwa hewa ndani ya kishikio, na mkono ukabakiwa na kuongoza tu.

Tazama mdomo wa kishikio. Tindo yenye shina la mraba, aghalabu la unene wa milimita 2.38, hutiwa tunduni na kubanwa kwa skurubu ya ubavuni; ikilegea hata kidogo, nguvu ya pigo hupotea na mstari hutetemeka, aibu isiyofichika. Basi kwa kuwa kufungua na kufunga skurubu kila mara humghasi fundi, vilibuniwa vibanio vya kubadilishwa upesi: kila tindo hukaa daima katika kibanio chake, huchomolewa na kuchomekwa kwa vidole bila ufunguo. Tindo ya kukatia mistari, iliyonolewa kwa pembe ya nyuzi 120, na ile bapa ya kuchimbia uwanja unaozunguka ua la nakshi, hupishana hivyo mara nyingi katika kazi moja.