Pindo, Mji na Jina: Kuzisoma Sahani za Staffordshire

Msomaji anaweza kujiuliza sahani kuukuu za Kiingereza zinatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili. Kwa maoni yetu zinatuhusu kwa kuwa nazo ni matini. Zina picha na maandishi, zina mtunzi na mnunuzi aliyelengwa, na watu wanaozikusanya wamelazimika kuzisoma jinsi tunavyowafundisha wanafunzi wetu kusoma hati za kale, yaani kwa kushuku kidogo.

Vita vya Uingereza na Marekani vilivyoanza mwaka 1812 vilihitimishwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini Ghent tarehe 24 Desemba 1814. Biashara iliporejea, wafinyanzi wa Staffordshire, katika miji ya Burslem, Hanley, Cobridge na jirani zake, waliligeukia soko la Marekani kwa ari kubwa. Walitambua kuwa taifa lile changa lilipenda kujitazama, nao wakaliuzia fahari yake lenyewe. Kampuni ya Enoch Wood na wanawe, ya Burslem, ilitoa sahani ya kusherehekea ushindi wa Kamanda Macdonough katika Ziwa Champlain, Septemba 1814. Walioshindwa siku ile ni Waingereza! Mfinyanzi Mwingereza alichapa kipigo cha nchi yake, akakifungasha katika majani makavu na kukisafirisha kwa mshindi. Hatumhukumu kwa kukosa uzalendo. Alikuwa na tanuri za kuwasha na vibarua wa kulipa.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Mchongaji alichimba picha kwa mistari na vitone kwenye bamba la shaba. Bamba lilipakwa rangi yenye kobalti, likafutwa, kisha likachapwa kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ilibandikwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, ikasuguliwa mpaka rangi ihamie kwenye udongo, ndipo ikaoshwa. Baada ya hapo chombo kilipakwa dawa ya kung'arisha na kurudishwa tanurini. Kobalti huhimili moto mkali, na ndiyo sababu bluu ilitawala. Wamarekani waliipenda bluu iliyokolea sana, hasa katika miaka ya 1820. Baadaye zilikuja waridi, kahawia, kijani na zambarau.

Msamiati wa kanga unatufaa kuzieleza sahani hizi. Kanga nyingi nazo zilichapwa Ulaya kwa ajili ya mnunuzi wa mbali, tena kwa maneno ambayo huenda mchapaji hakuyaelewa. Sahani ina pindo kwenye ukingo, ina mji katikati, na jina lake limechapwa mgongoni. Mkusanyaji mzoefu huanza na pindo. Vyombo vingi havina alama ya kiwanda, na mandhari moja iliweza kunakiliwa na wafinyanzi kadhaa, lakini kila mmoja alikuwa na mapindo yake. Wood alipenda makombe ya baharini. Joseph Stubbs alitumia tai katikati ya maua. Akina Ridgway wa Hanley walizungushia mawaridi.

Mji unahitaji tahadhari zaidi. Kwa kawaida mchongaji wa Staffordshire hakuwa ameiona Marekani. Alifuata michoro ya wengine, kwa mfano ya William Guy Wall, mzaliwa wa Ireland aliyechora mandhari ya Mto Hudson. Mchoro ukiwa mzuri, sahani nayo huwa shahidi mzuri. Lakini chukua ile ya James na Ralph Clews wa Cobridge yenye utepe wa majina ya majimbo. Majimbo yaliyotajwa ni 15, ilhali kuanzia mwaka 1821 Marekani ilikuwa na majimbo 24, na baadhi ya majengo ya katikati yanafanana zaidi na majumba ya makabaila wa Uingereza.

Ukusanyaji ulishika kasi mwishoni mwa karne ya 19. Alice Morse Earle alichapisha kitabu chake kuhusu jambo hili mwaka 1892, Edwin AtLee Barber akafuata mwaka 1899, na mwaka 1939 Ellouise Baker Larsen akatoa orodha kubwa iliyoonyesha pia asili ya picha nyingi. Nakala mpya nazo zikamiminika sokoni. Hapo sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 humsaidia mnunuzi: ilidai bidhaa iandikwe nchi ilikotoka, kwa hiyo neno "England" mgongoni ni dalili kwamba sahani si ya miaka ya 1820.

Lakini kuna swali ambalo pindo na alama havilijibu, nalo ni lile la kilichoachwa. Katika mfululizo wao wa "Uzuri wa Marekani", akina Ridgway walichapa hospitali, nyumba ya maskini ya New York, hata hospitali ya wagonjwa wa akili ya Boston (sijui nani alitaka kulia chakula juu yake). Walichapa pia jengo la Exchange la Charleston. Kando ya jengo hilo watu weusi waliuzwa mnadani hadharani. Jina lililo mgongoni linataja jengo na mji tu.

Wapo waliovunja ukimya huo. Tarehe 7 Novemba 1837, huko Alton, Illinois, genge la watu lilimuua mhariri Elijah Lovejoy alipokuwa akiilinda mashine yake ya uchapaji, kwa sababu alipinga utumwa. Staffordshire ikatoa sahani ya kumkumbuka. Pindo lake linamtaja Lovejoy na siku aliyouawa, na lina mtumwa aliyepiga magoti. Katikati hakuna jengo wala mto. Yamechapwa maneno ya katiba ya Marekani yanayolinda uhuru wa kusema, wa kuchapisha na wa kukusanyika, mstari juu ya mstari, mpaka nafasi ya mji imejaa.