Nani Alisema Lazima Nyuma Kuwe na Ukungu?

Wasee, wiki jana nilipata ile kamera ndogo ya dijitali kwenye droo ya mathe, zile tulizokuwa tukibeba kwa harusi kabla simu hazijachukua kazi. Nikampiga beshte yangu picha pale kwa ploti. Uso uko fiti, lakini nyuma kila kitu kinaonekana: kamba ya nguo, pipa la taka, hadi soksi za jirani. Akaniangalia hivi. "Haina ukungu nyuma. Hiyo ni ushamba, manze."

Nikajiuliza, hii sheria ilitoka wapi?

Turudi 1840. Lenzi za wakati huo zilipitisha mwanga kidogo sana, kwa hivyo mtu alikaa tuli muda mrefu hadi shingo ikauma. Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, akabuni lenzi yenye tundu kubwa na Voigtländer wakaitengeneza. Mwanga ukaingia kwa wingi na muda wa kukaa tuli ukapungua. Lakini picha ilikuwa kali katikati tu, pembeni na nyuma mambo yakayeyuka. Kumbe ukungu haukuja kama urembo! Ilikuwa bei ya kupata uso haraka.

Na si wote waliupenda. 1932 kule California, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliunda Group f/64, jina la tundu dogo mno la lenzi. Wao walitaka jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote vionekane wazi.

Kamera ya mfukoni iko upande wao bila kupenda. Kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kwa nyingi ya hizi kamera, ni kama milimita 6 kwa 4.6. Kile cha kamera kubwa za kazi ni 36 kwa 24, eneo karibu mara 30. Kibao kidogo kinahitaji lenzi fupi, na lenzi fupi ina tundu la milimita 2 hivi. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 inaweza kufungua tundu la milimita 28. Tundu likiwa dogo, ukungu unagoma.

Lakini unaweza kuulazimisha. Vuta zumu hadi mwisho, ile ya lenzi yenyewe, si ya dijitali. Kisha sogea karibu na mtu hadi kamera ikaribie kukataa kufokasi. Halafu mtoe kwa ukuta, nyuma yake kuwe mbali kabisa. Nilijaribu hivyo na beshte, soksi zikapotea.

Simu nazo zina lenzi ndogo vilevile, ndio maana zinadanganya. iPhone 7 Plus ya 2016 ilitumia kamera mbili kukadiria nani yuko karibu, kisha programu ikachora ukungu. Ndio maana wakati mwingine simu inakula sikio lako.

Sasa, nikifuta picha kwenye ile kadi nikakuta moja ya 2009. Shosho amekaa kwa kigoda nje ya jikoni lake la udongo. Nyuma yake mlango uko wazi, sufuria nyeusi iko juu ya mawe matatu, na koti la guka limening'inia kwa msumari. Shosho hayuko tena, na jikoni lilibomolewa. Hatuna picha nyingine ya pale ndani.

Huyo aliyepiga angekuwa na simu yangu, angebonyeza kile kitufe cha ukungu, na ningebaki na uso pekee.

Kwa hivyo jifunze kuweka ukungu, ni ujuzi poa. Lakini ukienda ushago Desemba, wapige wazee angalau picha moja bila huo ukungu, na mlango wa jikoni ukiwa wazi.