Paka na njia ya juu: kutoka ghala la nafaka hadi chumba cha kupanga

Leo sizungumzii mbolea wala bei ya mahindi. Nataka tuzungumze kuhusu paka, na nianze kwa kukiri kosa langu.

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la rejareja alinilalamikia. Anauza unga, sukari, maharage na dagaa, na analala chumba cha nyuma cha duka hilohilo. Paka wake humfungia ndani kwa kuogopa mbwa na magari. Shida ilikuwa kwamba paka anakwea rafu na kuangusha bidhaa. Nikamshauri aondoe maboksi, ndoo na viti vyote ambavyo paka anakanyagia, ili abaki sakafuni. Akafanya hivyo.

Baada ya mwezi hivi aliniita nikaone mwenyewe. Panya walikuwa wanapita juu ya kenchi kama barabara yao, wanashuka ukutani hadi kwenye magunia, na paka yuko chini anawatazama tu. Isitoshe, alikuwa ameanza kuchana godoro na kukojoa pembeni mwa kitanda. Mama alikuwa ameshanunua sumu ya panya, na paka alikuwa anafikiria kwenda kumtupa sokoni.

Ushauri wangu ndio uliofikisha mambo pale. Nilikuwa nimemwangalia paka kama mnyama wa sakafuni. Nikaanza kusoma historia yake, na nilichokuta ndicho ninachowaletea leo: tangu paka aanze kuishi na watu, waliofaidika naye ni wale waliomwachia njia ya kwenda juu.

Paka alifuata nafaka

Paka wetu wa nyumbani anatokana na paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Huyo paka pori ni mdogo. Anawinda panya na ndege, lakini yeye naye anawindwa na wanyama wakubwa kuliko yeye. Kwa hiyo mahali pa juu pana kazi mbili kwake: ni mahali pa kuvizia, na ni mahali pa kujificha. Tabia hiyo haikupotea alipoingia kwa watu.

Aliingiaje? Watu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, panya walizifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Hakuna aliyekwenda msituni kuwatafuta. Ghala ndilo lililowaita.

Ushahidi wa zamani sana wa ukaribu huo uko katika kisiwa cha Cyprus. Kwenye kijiji cha kale kiitwacho Shillourokambos, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la mtu wa miaka kama 9,500 iliyopita, na karibu naye, chini ya nusu mita, amezikwa paka wa umri wa miezi 8 hivi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo lazima paka waliletwa kwa chombo cha majini. Mkulima wa kale aliyehamia ng'ambo na mbegu na mifugo yake alimchukua na paka.

Sasa fikirieni ghala za zamani, zikiwemo za kwetu. Wasomaji wa nyanda za juu mnayakumbuka majiko ya bibi zetu: mahindi yanakaa darini juu ya moto, kuta ni za miti na udongo, boriti ziko wazi. Panya alikwea, na paka naye alikwea kwa miti ileile, kwa sababu kucha zake zilipata pa kushika. Hakuna aliyemjengea paka ngazi, kwani nyumba nzima ilikuwa ngazi.

Kanisa lililomtobolea paka mlango

Watu walipoanza kujenga kwa mawe na milango mizito, paka alifungiwa nje ya kazi yake. Waliojali walitafuta njia ya kumrudisha.

Mfano mzuri uko Exeter, Uingereza. Vitabu vya hesabu vya kanisa kuu la mji huo vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1305 na 1467 paka alikuwa anawekewa fedha, peni 13 kila robo mwaka, yaani peni moja kwa wiki. Kanisani humo kuna saa kubwa ya kale. Mitambo ya saa za namna hiyo ilipakwa mafuta ya wanyama, na mafuta hayo yaliwavuta panya. Mlango wa kuingilia kwenye mitambo una tundu la mviringo upande wa chini. Mwaka 1598 maseremala walilipwa peni 8 kwa kulitoboa, ili paka aweze kuingia na kuwafuata panya huko ndani.

Angalieni hesabu yao. Mshahara wa paka kwa wiki moja ni peni 1, na njia ya paka iligharimu peni 8 mara moja tu. Tundu hilo lipo hadi leo.

Hata ofisi za serikali zilifika huko. Mwaka 1868, idara ya posta ya London iliajiri paka watatu kwa majaribio, wakipewa shilingi moja kwa wiki kwa ajili ya chakula, kwa sababu panya walikuwa wanatafuna karatasi za hundi. Paka alikuwa bado mfanyakazi, mwenye ruhusa ya kuzunguka jengo.

Udongo uliomfungia paka ndani

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1947, na yaliletwa na mfanyabiashara mdogo kama nyinyi. Edward Lowe, wa mji mdogo wa Cassopolis katika jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa anauza bidhaa za viwandani pamoja na baba yake, ukiwemo udongo mkavu wa kunyonya mafuta yaliyomwagika. Jirani mmoja alikuja kumwomba mchanga kwa ajili ya choo cha paka wake. Lowe akampa ule udongo badala ya mchanga. Jirani akarudi kutaka mwingine. Lowe akaona biashara: akaufunga kwenye mifuko ya ratili 5 na kutaka uuzwe senti 65, wakati mchanga ulikuwa karibu na bure.

Kabla ya hapo, paka wengi walikuwa wanatoka kwenda kujisaidia nje. Udongo ule ulipunguza harufu, na watu wa mijini wakaweza kumweka paka ndani usiku na mchana, hata katika nyumba za ghorofa. Ilimwepusha paka na magari, mbwa na magonjwa. Lakini ilimwacha ndani ya kuta nne laini, hana boriti, hana mti, hana dari. Matatizo yakaanza: kuchana makochi, kukojoa ovyo, kunenepa, kugombana paka kwa paka. Watu wakasema paka ana kiburi. Kumbe alikuwa amepoteza nusu ya nyumba, ile nusu ya juu.

Waswisi na ngazi zao

Waswisi walilichukulia jambo hili kwa uzito. Ukitembea mji wa Bern utaona kwenye kuta za nje za majengo vijingazi vyembamba vya mbao au chuma, vinavyopanda kutoka bustanini hadi dirisha la ghorofa ya pili, ya tatu, na zaidi. Ni ngazi za paka. Mbunifu mmoja wa huko, Brigitte Schuster, alizipiga picha na kuchapisha kitabu kizima juu yake mwaka 2019.

Kisha ikaja sheria. Kanuni za ulinzi wa wanyama za Uswisi, zilizoanza kutumika Septemba 2008, zimeweka kipimo cha eneo la kufugia paka: mita za mraba 7 na kimo cha mita 2, kwa paka wasiozidi 4. Zinataka pia pawe na mahali pa juu pa kulala, mahali pa kukwea, mahali pa kujificha na mahali pa kunolea kucha.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu nikapiga hesabu. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina mita za mraba 9 na ushee. Kwa hiyo tatizo la mama yule halikuwa udogo wa chumba. Chumba chake kinatosha hata kwa kipimo cha Uswisi. Kilichokosekana ni njia ya kwenda juu, na mimi ndiye niliyeiondoa.

Kamba ni yetu

Ukiangalia vile vijiti vya kukwea paka vinavyouzwa Ulaya na Marekani, utaona shina limezungushiwa kamba ngumu ya rangi ya majani makavu. Mara nyingi hiyo ni katani.

Katani ililetwa Tanganyika mwaka 1893 na mtaalamu Mjerumani, Richard Hindorf. Aliagiza miche kutoka Florida, mingi ikafia njiani, na iliyofika salama ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba ya Tanga na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaja kuiangusha. Lakini kwa kucha za paka, plastiki haijaishinda katani: nyuzi zake zinashika, zinakwaruzika taratibu, na hazitelezi. Mzungu analipia nguzo yenye katani, na sisi tunayo kamba hiyo dukani lakini tunamwachia paka godoro.

Jinsi ya kurudisha njia ya juu

Mambo haya unaweza kuyafanya kwa mabaki ya mbao kutoka kwa seremala.

1. Vipandio. Kata vipande vya mbao vyenye upana wa sentimita 30 na urefu wa 40 hadi 50. Vifunge ukutani kama ngazi ya mshazari, cha kwanza sentimita 50 kutoka sakafuni, kila kinachofuata sentimita 30 hadi 40 juu yake na kando kidogo. Paka hupanda kwa urahisi, lakini kucha zake zimepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo kushuka humsumbua. Asipopata kipandio cha kushukia ataruka juu ya bidhaa zako.

2. Mahali pa kutulia. Cha mwisho kiwe kipana zaidi, na kiachwe nafasi ya sentimita 50 chini ya dari au kenchi. Tandika kipande cha gunia asiteleze. Kiwe mahali ambapo ataona mlango na magunia.

3. Uimara. Kabla ya kumwachia paka, tundika mfuko wa kilo 10 kwenye kila kipandio usiku mzima. Paka akianguka na ubao mara moja, hatarudi tena.

4. Nguzo ya kucha. Zungushia kamba ya katani kwenye mlingoti wa kimo cha mita moja, ukaze sana, na uusimamishe imara usiyumbe. Uweke karibu na anapolala, maana hunyoosha mwili na kunoa kucha akiamka.

5. Usalama. Njia isipite juu ya jiko la mkaa, nyaya za umeme wala chakula kilicho wazi. Unga na sukari vifunikwe. Dirisha la juu liwekewe wavu.

6. Sumu usichanganye na paka. Paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye. Na mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa.

Kama umepanga, muulize kwanza mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Akikataa, simamisha fremu ya mbao sakafuni, iegemee kwenye kona.

Yule mama tulimfungia vipandio vinne na nguzo moja, kazi ya saa tatu. Siwadanganyi kwamba panya waliisha. Panya hawaishi kwa paka peke yake, usafi na kuziba matundu bado vinahitajika. Lakini barabara yao ya juu ya kenchi imepata mwenyewe, godoro halichanwi tena, makopo hayaanguki, na ile sumu aliirudisha kwa aliyemuuzia.

Aliponiuliza kwa nini sikumwambia hivyo tangu mwanzo, sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba maseremala wa Exeter walilijua mwaka 1598, na mimi nimechelewa kidogo.

Mwenye swali au aliyejaribu njia nyingine aniandikie, tujifunze pamoja. Tukutane tena wiki ijayo.