Kilichopakatwa Kikamfundisha Aliyekaa Mezani

Kiswahili kiliipa kompyuta ndogo jina lenye akili: mpakato. Kinachopakatwa hukaa mapajani kama mtoto mchanga, na mama yeyote anajua kwamba mtoto akichemka mwili hapakatwi kwa raha. Humo ndani ya neno hilo imo historia nzima ya prosesa, yaani ubongo, ya kompyuta mpakato na mwenzake wa kompyuta kubwa ya mezani. Ni historia ya joto na umeme. Mkazi wa Nambilanje, kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, ataielewa upesi, kwa maana anayenunua betri ya sola kwa fedha ya ufuta na korosho anajua thamani ya kila wati.

Tanzania ilianza na mashine kubwa. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hadi mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo serikali, ikiwa imeumizwa na matokeo ya kuingiza hesabu zake kwenye mashine hizo, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Katazo hilo lilikuja kulegezwa miaka ya 1980, na wakati huo dunia ilikuwa imeshabadilika.

Mwaka 1981 ilitoka IBM PC, kompyuta ya mezani yenye prosesa ya megahezi 4.77, yaani mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Mwaka huohuo ikatoka Osborne 1, kompyuta ya kubebeka yenye uzito wa karibu kilo 11 na prosesa ya megahezi 4. Haikuwa na betri ndani yake. Ulibeba mzigo wako mpaka kwenye soketi. Kwa kasi ya prosesa, ya mezani na ya kubebeka zilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuja pale prosesa zilipoanza kula umeme mwingi na kuchemka. Kompyuta ya mezani ilipewa feni kubwa na nafasi ya kupumua. Ile ya mapajani ililazimika kujibana, na mwaka 1990 kampuni ya Intel ikatoa 386SL, prosesa iliyoundwa kwa ajili ya kompyuta za kubebeka, yenye uwezo wa kupunguza matumizi ya umeme pale isipokuwa na kazi.

Miaka ya mwanzo ya 2000 mashindano yote yalihamia kwenye gigahezi, yaani mabilioni ya mapigo kwa sekunde. Pentium 4 ya mezani ilijengwa ili ipige haraka kuliko zote. Hapa tuwatazame watu wawili kwenye kinu. Mmoja anapiga mchi harakaharaka, mapigo mepesi, jasho linamtiririka. Mwingine anapiga polepole, lakini kila pigo linafika chini na kuvunja punje. Unga wa nani utakuwa tayari kwanza? Kuhesabu mapigo peke yake hakutoi jibu.

Mtwangaji wa pili alikuja Machi 2003. Wahandisi wa Intel mjini Haifa, Israel, walitoa Pentium M kwa ajili ya kompyuta mpakato. Ikiwa na gigahezi 1.6 tu na wati zipatazo 25, iliweza kwenda sambamba na Pentium 4 ya gigahezi 2.4 iliyohitaji wati zaidi ya 55. Huko mezani, Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 na wati 115, na hapo joto likaweka ukuta. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wa prosesa iliyokuwa iifuate. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo, yenye asili katika ukoo wa Pentium M, na ikaiweka hata kwenye kompyuta za mezani. Mdogo aliyekulia katika shida ndiye aliyeirithi nyumba. Mwaka 2020 Apple ikaongeza ushahidi kwa prosesa ya M1, yenye transista bilioni 16, ndani ya kompyuta mpakato ya MacBook Air isiyo na feni hata moja.

Hata hivyo, kubwa bado ni kubwa. Core i9-13900K ya mezani, iliyotoka mwaka 2022, huruhusiwa kufikia wati 253 kazi inapopamba moto, ilhali prosesa nyingi za kompyuta mpakato nyembamba zimepangiwa wati 15. Kwa kazi ya dakika moja, kama kufungua barua au kupanga jedwali, huenda usione tofauti. Kwa kazi ya saa tatu, kama kuhariri filamu, mpakato hupata joto, na prosesa yake hupunguza kasi ili isijiunguze. Ya mezani inaendelea kutwanga.

Mnunuzi naye asidanganywe na jina. Core i7-7500U ya kompyuta mpakato ina viini (sehemu za kufanyia hesabu) viwili na wati 15. Core i7-7700K ya mezani ina viini vinne na wati 91. Zote ziliuzwa kwa jina la i7. Anayenunua kompyuta iliyotumika asome mpaka herufi ya mwisho.

Sasa turudi Nambilanje kwa hesabu ya karibu. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 hubeba nishati ya saa-wati 1,200, na ili idumu ni vyema kutumia nusu yake. Kompyuta mpakato ya wati 30 itafanya kazi saa 20 kwa nusu hiyo. Kompyuta ya mezani yenye nguvu, ya wati 300, itafanya kazi saa mbili.

Kwa hesabu hiyo tunaona kwa nini mpakato ndio uliozifikia kata za mbali. Mwaka 2015, wapiga kura walipoandikishwa kwa mashine za BVR, yaani za kuandikisha wapiga kura kwa alama za mwili, kila seti ilikuwa na kompyuta mpakato, kamera, kisomea alama za vidole na printa. Mkulima aliweka vidole vilivyosuguliwa na jembe juu ya kioo, akapigwa picha, akaondoka na kadi yake. Kazi ya kulinganisha alama za watu zaidi ya milioni 20, kumtafuta aliyejiandikisha mara mbili, ilihitaji mitambo mikubwa ya makao makuu. Kila mashine ilifanya kazi inayolingana na umeme wake.

Jirani zetu wa Nachingwea walilipata somo hili mapema. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi huko, ulianza mwaka 1947 kwa matrekta makubwa, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, na mwaka 1951 ukaachwa, kwa sababu nguvu ililetwa kabla ya kuijua ardhi na mvua. Shule au ofisi ya kata inayopanga kununua kompyuta leo ianze na maswali mawili: kazi yetu ni ipi, na umeme wetu ni kiasi gani? Bei na jina la prosesa vifuate baadaye.