Betri ya Kina Kirefu

Watu wawili wanaoandaa Toyota HiAce kwa safari ndefu, wakikusudia kulala na kupika humo humo, huanza na godoro na jiko. Hayo hayana utata wa maneno. Utata huja wanapotaka umeme wa kutumia injini ikiwa imezimwa: taa, feni, simu, kompyuta na friji ndogo ya volti 12. Fundi huwaambia wanunue betri ya pili, na wakifika dukani huelezwa kwamba betri ziko za aina mbili, ya gari na ya sola.

Majina hayo yamezoeleka, lakini hayalingani. La kwanza linataja mahali betri inapokaa, la pili linataja umeme wake unakotoka. Betri ya pili ya HiAce inakaa garini, na mara nyingi huchajiwa na altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, wala si paneli ya jua. Mnunuzi anayefuata majina kama yalivyo atachukua betri ya gari, kisha baada ya miezi michache atarudi dukani kununua nyingine. Kinachozitenga betri hizi ni jambo ambalo jina lolote kati ya hayo mawili halilitaji: kila moja inavumilia kutumiwa hadi wapi kabla ya kuchajiwa tena. Kiingereza huiita ile inayovumilia zaidi ‘deep cycle’. Makala haya yanapendekeza kwamba kwa Kiswahili iitwe betri ya kina kirefu.

Tuangalie kwanza kinachotendeka ndani yake. Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Ndani kuna mabamba ya risasi na mabamba yenye dioksidi ya risasi, yote yamezama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Umeme unapotumika, mabamba ya pande zote mbili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi. Betri inapochajiwa, mabadiliko hayo hurudi nyuma. Kila chumba cha betri hutoa volti 2 na kidogo, na vyumba sita vikiungwa mfululizo hufanya betri tunayoiita ya volti 12.

Betri ya kuwashia injini ilipata kazi yake kubwa kuanzia modeli ya Cadillac ya mwaka 1912, iliyotumia stata ya umeme ya Charles Kettering badala ya mkono wa kuzungushia injini. Stata hutaka mamia ya ampea kwa sekunde chache tu. Ili betri iweze kutoa umeme mwingi kwa mara moja, hutengenezwa kwa mabamba mengi na membamba, tindikali ipate eneo pana la kugusa. Injini ikishawaka, altaneta hurudisha haraka kiasi kidogo kilichotumika. Betri hiyo huishi karibu na kujaa siku zote, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Ukiifanya iendeshe friji usiku kucha, mabamba yake membamba hupukutika. Ikiachwa tupu, salfeti huganda na kuwa ngumu, isirudi tena hata ukichaji. Mwenye gari husema betri imekufa, na kweli imekufa.

Betri ya kina kirefu ina mabamba machache na manene. Haiwezi kutoa mshindo mkubwa kama ya stata, lakini hustahimili kutumiwa hadi chini na kuchajiwa, mara mamia. Umbali huo wa kushuka hupimwa kwa asilimia, na jina lake liwe kina cha matumizi. Betri ya ampea-saa 100 (ampea mara saa za kutumika) iliyokwisha kutoa 50 imefikia kina cha asilimia 50. Kwa betri za risasi, hata zile zenye mabamba manene, ushauri wa kawaida ni kutovuka hapo mara kwa mara. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti huruhusu asilimia 80 au zaidi.

Sasa tupime majina. Tafsiri ya neno kwa neno, betri ya mzunguko wa kina, ina kasoro mbili. Mwanafunzi wa fizikia amezoea kusikia mzunguko wa umeme, yaani njia inayopitishwa umeme kwenye waya, hivyo atadhani linazungumziwa hilo. Vilevile ‘ya kina’ ikisimama peke yake imeshachukuliwa na maelezo ya kina na utafiti wa kina, ambamo maana yake ni kuchambua jambo kwa undani. Waingereza wanaosafiri na magari ya kulala huiita betri ya starehe, na Wamarekani betri ya nyumba. Majina hayo yanataja shughuli, na hayamsaidii mtu kujua kikomo cha kifaa chake.

Kina kirefu, kwa upande wake, kimo tayari katika lugha. Kila msomaji wa magazeti anajua bandari ya kina kirefu, na kila mvuvi anajua maji ya kina kifupi. Jina hili lina mwenzake wa kweli: betri ya stata ni betri ya kina kifupi, ingawa fundi anaweza kuendelea kuiita betri ya kuwashia na akaeleweka. Linazaa pia kipimo, kina cha matumizi, bila kuunda shina jipya. Kwa kitendo kizima cha kutumia na kuchaji tena, tuna neno duru, lile lile la duru ya kwanza na ya pili ya uchaguzi. Hapo tunaweza kusema sentensi nzima ya kiufundi bila kujikwaa: kadiri kina cha matumizi kinavyoongezeka, ndivyo idadi ya duru za betri inavyopungua.

Faida ya kusema hivyo huonekana kwenye hesabu. Chukua friji ya wati 45. Kwa volti 12 inavuta ampea 3.75. Mota yake ikifanya kazi jumla ya saa 10 kwa siku, imekula ampea-saa 37.5. Feni ya wati 20 kwa saa 8 za usiku ni 13.3. Taa mbili za wati 5 kwa saa 4 ni 3.3. Simu mbili ni kama 2.5, na kompyuta moja kama 4.2. Jumla inakaribia ampea-saa 61 kwa siku.

Wengi hununua betri ya 100 wakiamini wamebakiza 39. Kina cha matumizi kinasema vinginevyo. Betri ya risasi ya 100 ina 50 za kutumia, kwa hiyo siku moja tu inawashinda. Betri mbili za aina hiyo zikiungwa sambamba zina 100, siku moja na nusu, na uzito wake unaweza kufika kilo 50 au zaidi. Lithiamu moja ya 100 ina 80 za kutumia, kwa uzito wa kilo kumi na kitu. Siku ya kuendesha kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, takriban kilomita 500, altaneta ina saa za kutosha kurudisha kilichotumika. Mtihani huja mnapoegesha siku tatu karibu na Ruaha, na hapo ndipo paneli ya jua inapostahili nafasi juu ya paa.

Kikomo hicho kinaweza kuonekana kwa macho. Funga kipima volti karibu na kitanda. Betri ya risasi iliyotulia kwa saa kadhaa, bila kutumika wala kuchajiwa, husoma karibu 12.7 ikiwa imejaa, na karibu 12.2 ikiwa nusu. Wasafiri wote wawili waijue namba hiyo ya pili, maana anayelala wa mwisho ndiye anayeamua kama feni iendelee. Kati ya betri ya kina kirefu na ile ya kuwashia iwepo rilei au chaja maalumu ya kuzitenga injini inapozimwa, ili asubuhi gari liwake. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya. Na betri ya risasi ya kujazwa maji isiwekwe wazi chumbani mnamolala, kwani ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, inayoweza kulipuka. Tumieni iliyofungwa, au iwekeni kwenye sanduku lenye tundu la kupumulia nje ya gari.

Kwa hiyo mkifika dukani, msiishie kuuliza kama ni ya gari au ya sola. Ulizeni: ni ya kina kirefu? Ina ampea-saa ngapi? Kina cha matumizi anachoruhusu mtengenezaji ni asilimia ngapi, na kwa duru ngapi? Muuzaji anayejua kazi yake atawajibu kwa namba, na kwa namba hizo mtajua mnaweza kukaa porini siku ngapi.