Mji wa Mimba

Binti mmoja wa Utange, Mombasa, mimba yake ya kwanza, alirudi kutoka zahanati na karatasi iliyotaja uchunguzi wa shingo ya kizazi. Akamuuliza nyanya yake shingo hiyo iko wapi. Ajuza yule, mkunga wa miaka mingi, alivua leso begani akaitandaza mkekani. Akapitisha kidole pembezoni: "Hili pindo." Akaweka kiganja katikati: "Huu mji. Nawe tumboni una mji, mjukuu wangu. Mtoto ndimo akaamo. Hiyo waiitayo shingo ni mlango wake."

Sijapata kusikia istilahi ikifafanuliwa vizuri zaidi.

Kiungo hiki kina majina mengi. Vitabu vya shule husema uterasi, mabango ya afya husema kizazi, wengine tumbo la uzazi au nyumba ya uzazi. Mimi nasimama na mkunga: mji wa mimba. Kizazi ni watoto, ni ukoo, ni watu wa rika moja. Mwanamke akiambiwa atatolewa kizazi, husikia zaidi ya alichokusudia daktari. Husikia nasaba yake ikikatwa. Mji ni mahali: una kuta, una mkaazi, una mlango. Na shingo tumeifasiri tu kutoka Kilatini, ambako cervix ni shingo. Lakini siku ya uchungu kinachofunguka hadi sentimita 10, kichwa cha mtoto kipite, ni mlango. Ndiyo maana nafurahi nikikuta bango lililoandikwa saratani ya mlango wa kizazi. Nusu ya safari tumeshafika.

Wajapani wamewaza karibu na sisi. Jina la kiungo hiki huliandika kwa alama mbili zilizotoka China, ya kwanza mtoto, ya pili kasri. Shikyū: kasri la mtoto. Kwao kasri, kwetu mji.

Ndani ya kasri hilo wachoraji wao waliingia kwa kibao na patasi. Mchongaji alichonga mistari myeusi kwenye ubao wa mcheri, kisha ubao mwingine kwa kila rangi. Karatasi ikalazwa juu yake na kusuguliwa kwa mkono. Katika karne ya 19 zilichapwa hivyo picha za wanawake wenye matumbo yaliyo wazi kama dirisha, mtoto akionekana mwezi baada ya mwezi. Miezi ya mwanzo hana umbo la mtu. Huchorwa kama fimbo au chombo cha ibada cha Kibudha, na kila mwezi una mlinzi wake mtakatifu. Miezi yenyewe ni kumi, si tisa, maana walihesabu kwa mwezi mwandamo na ule wa kwanza wakautia hesabuni. Anayezitafsiri picha hizo asiwasahihishe.

Mwezi wa tano, siku ya mbwa katika kalenda yao, mjamzito hufungwa kitambaa tumboni, kwa kuwa mbwa huzaa bila taabu. Wao hukiita iwata-obi. Neno la kukiitia tunalo: mkaja. Wa kwetu hufungwa baada ya kuzaa, kwa hiyo ningeandika mkaja wa mwezi wa tano, na mama yeyote wa Kisauni angeelewa.

Hata leso ile ya mkekani ina undugu na picha hizo. Leso za awali pwani hii zilipigwa chapa kwa vibao vya mbao, na katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa leso nyingi zilizouzwa Mombasa, kila moja na pindo lake, mji wake na jina lake.

Huko huko Japani, tabibu Kagawa Gen'etsu, miaka ya 1760, aliandika kwamba mtoto hukaa kichwa chini muda mrefu kabla ya uchungu. Vitabu vya kabla yake vilisema hukaa wima, akapinduka siku ya kuzaliwa. Kagawa aliujua mkao huo wa kichwa chini kwa kupapasa matumbo.

Ajuza wa Utange naye alimlaza mjukuu wake juu ya ile leso, akabonyeza taratibu chini ya kitovu kwa viganja viwili, akanyamaza kidogo. "Kichwa hiki hapa," akasema, "kimeshauelekea mlango."